Mashine ya kuoshea kwa presha (matumizi ya nyumbani)

Mashine ya kuoshea kwa presha (pia: mashine ya kuoshea kwa shinikizo la maji) ni kifaa kinachotumia mota na pampu kuongeza shinikizo la maji, kisha kuyatoa kupitia tundu dogo ili yaondoe uchafu kwenye magari, sakafu, kuta, mabati na vyombo vingine. Mashine za nyumbani kwa kawaida hutumia umeme wa soketi ya kawaida, ni nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, na hutoa shinikizo la takriban bar 70 hadi 140. Mashine za kibiashara huwa nzito zaidi na nyingine huendeshwa kwa petroli au dizeli.

Makala hii inaeleza jinsi mashine za umeme za nyumbani zinavyofanya kazi na mambo yanayoamua kama mashine fulani itafaa. Mifano mingi inahusu Chumbageni, kata ya Jiji la Tanga, na mazingira ya pwani ya kaskazini ya Tanzania, ambako nyumba nyingi hutegemea tangi la akiba, umeme wa LUKU, na ambako hewa ya bahari hula chuma. Katika mazingira hayo ukubwa wa presha iliyoandikwa kwenye boksi si kigezo cha kwanza. Mashine nyingi huharibika mapema kwa sababu ya maji yanayoingia, umeme unaoziendesha na kukosekana kwa vipuri.

Historia

Mitambo ya kusafishia kwa mvuke ilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1920. Huko Ujerumani kampuni ya Kärcher, iliyoanzishwa na Alfred Kärcher mwaka 1935, ilitengeneza mwaka 1950 mashine ya kuoshea kwa maji ya moto yenye presha, iliyokuwa ya kwanza ya aina yake Ulaya. Mwaka 1984 kampuni hiyohiyo ilitoa mashine ndogo ya kubebeka, na kuanzia hapo kifaa hiki kiliingia majumbani. Leo mashine za nyumbani hutengenezwa na kampuni nyingi, na sehemu kubwa hutengenezwa China. Katika maduka ya vifaa ya Afrika Mashariki hupatikana chapa za Ulaya kama Kärcher na Bosch pamoja na chapa za China kama Ingco na Total.

Jinsi inavyofanya kazi

Maji huingia kwenye mashine kupitia mpira na chujio dogo. Mota huzungusha sahani iliyoinama, na sahani hiyo husukuma pistoni, kwa kawaida tatu, kwa zamu. Kila pistoni hunyonya maji na kuyasukuma kwenye mpira wa presha. Vali za njia moja huzuia maji kurudi nyuma, na sili za mpira huzuia maji kuvuja kandokando ya pistoni.

Pampu yenyewe husukuma kiasi cha maji tu. Presha hutokea kwa sababu maji hayo hulazimishwa kupita kwenye tundu jembamba la nozeli. Kwa hiyo nozeli iliyolika na kupanuka hupunguza presha hata kama pampu ni nzima, na nozeli iliyoziba huibebesha pampu mzigo mkubwa kupita kiasi.

Mashine nyingi za nyumbani zina mfumo wa kujizima. Mtumiaji anapoachia kifyatuo cha bunduki, presha hupanda ndani ya pampu na swichi hukata umeme wa mota. Mashine inayojiwasha na kujizima yenyewe wakati hakuna aliyeshika kifyatuo kwa kawaida ina mahali inapovuja.

Aina

Mota ya brashi za kaboni. Hii ni mota nyepesi, yenye kelele na ya bei nafuu, na ndiyo iliyomo katika mashine nyingi ndogo. Brashi zake hulika na hubadilishwa. Haifai kufanya kazi mfululizo kwa muda mrefu.

Mota ya induksheni. Haina brashi. Ni nzito zaidi, kelele yake ni ndogo na hudumu zaidi, lakini huvuta umeme mwingi inapoanza kuzunguka.

Mashine ya betri. Hutumika pasipo umeme wa karibu. Presha yake ni ndogo kuliko ya mashine za waya, na hutosha kwa baiskeli, pikipiki na vyombo vidogo.

Pampu ya mkanda. Hii ni pampu ya pistoni tatu inayozungushwa kwa mkanda na mota au injini iliyo pembeni, na asili yake ni pampu ya kupulizia dawa mashambani. Huonekana katika vituo vingi vya kuoshea magari Afrika Mashariki, ikinyonya maji kutoka kwenye pipa. Presha yake kwa kawaida ni bar 20 hadi 40 tu, lakini hutoa maji mengi, oili yake hubadilishwa na sehemu zake hufunguliwa na fundi wa kawaida. Kwa familia yenye magari kadhaa au bajaji za biashara inaweza kufaa kuliko mashine ndogo ya boksi.

Vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi

Vipimo vitatu ndivyo muhimu: presha, kiasi cha maji na nguvu ya umeme.

Presha hupimwa kwa bar, MPa au psi. Bar 100 ni sawa na MPa 10, na ni takriban psi 1,450. Boksi mara nyingi huonyesha presha ya juu kabisa, ambayo hufikiwa kwa muda mfupi. Presha ya kazi huwa ndogo zaidi, na kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye mashine yenyewe. Kiasi cha maji huandikwa kwa lita kwa dakika au kwa saa. Lita 360 kwa saa ni lita 6 kwa dakika. Nguvu ya umeme huandikwa kwa wati.

Vipimo hivi vitatu vinahusiana, na uhusiano huo humwezesha mnunuzi kukagua madai ya muuzaji akiwa dukani:

bar × lita kwa dakika ÷ 600 = kilowati zinazohitajika kusukuma maji

Mashine ya bar 100 inayotoa lita 6 kwa dakika inahitaji kilowati 1.0 kwenye maji. Kwa kuwa mota na pampu hupoteza sehemu ya nguvu, mota ya takriban wati 1,400 hadi 1,600 inalingana na madai hayo. Boksi likidai bar 200, lita 10 kwa dakika na mota ya wati 1,800, hesabu inatoa kilowati 3.3. Hakuna mota inayoweza kutoa nguvu zaidi ya ile inayopokea, kwa hiyo angalau kimoja kati ya vipimo hivyo si cha kweli au havifikiwi kwa wakati mmoja.

Plagi ya pini tatu bapa inayotumika Tanzania ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni chini kidogo ya wati 3,000. Mashine yoyote ya soketi ya kawaida imefungwa ndani ya mpaka huo, hata boksi liandikwe nini.

Kwa matumizi ya kawaida, bar 70 hadi 100 za kazi hutosha kwa gari, pikipiki, madirisha ya nondo na fenicha za plastiki. Sakafu ya saruji yenye ukoga hufaidika na bar 100 hadi 130. Zaidi ya hapo, lita nyingi kwa dakika husaidia kuliko bar nyingi, kwa sababu maji ndiyo yanayobeba uchafu uliokwisha kung'oka.

Maji

Maji ya bomba ya Jiji la Tanga husambazwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga (Tanga UWASA), na chanzo chake kikuu ni bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Nyumba nyingi huyahifadhi kwenye simtanki lililoinuliwa juu ya mnara au dari.

Tangi lililoinuliwa hutoa presha ndogo. Kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1, hivyo maji ya tangi lililo mita 3 juu ya bomba yana bar 0.3 tu. Mashine nyingi zimebuniwa kwa bomba la mtaani lenye presha kubwa zaidi. Zikinyimwa maji, viputo vya hewa hutokea ndani ya pampu, mashine hutetemeka, presha hupanda na kushuka, na sili huharibika.

Jaribio rahisi ni kujaza ndoo ya lita 20 kwa mpira uleule utakaotumika. Ikijaa kwa dakika 2, mpira unatoa lita 10 kwa dakika, na mashine ya lita 6 au 7 itapata maji ya kutosha. Ikichukua dakika 4, mpira unatoa lita 5, na mashine hiyo itakosa maji. Dawa yake ni mpira mnene zaidi, mfupi na usiokunjika, au mashine yenye uwezo wa kunyonya maji yenyewe kutoka kwenye ndoo au pipa. Uwezo huo hutajwa katika kitabu cha maelekezo. Mashine nyingi zenye uwezo huo hunyonya kutoka kina kisichozidi takriban nusu mita, na mpira wake hujazwa maji kwanza ili kutoa hewa.

Joto nalo ni muhimu. Mashine nyingi za nyumbani haziruhusu maji yanayoingia kuzidi nyuzi 40 za selsiasi. Mpira mweusi uliolala juani mchana unaweza kuwa na maji ya moto kuliko hapo, kwa hiyo maji hayo humwagwa kwanza.

Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi au chokaa. Chumvi hula sehemu za alumini na chuma, na chokaa huganda kwenye vali na nozeli. Maji ya bahari hayafai kabisa kwa mashine za kawaida. Panapotumika maji ya kisima, mashine husafishwa kwa maji baridi ya bomba au ya mvua kwa dakika chache kila inapomaliza kazi. Mashine ikiunganishwa na bomba la maji ya kunywa, vali ya njia moja huwekwa ili maji ya sabuni yasirudi kwenye bomba.

Kuhusu matumizi ya maji, mashine ya lita 6 kwa dakika ikifanya kazi dakika 15 hutumia lita 90, yaani ndoo nne na nusu. Mpira wa kawaida unaotoa lita 15 kwa dakika ungetumia lita 225 kwa muda huohuo. Lakini anayeosha gari kwa ndoo mbili au tatu na kitambaa anatumia maji machache kuliko mashine. Mashine huokoa maji ikilinganishwa na mpira, si ikilinganishwa na ndoo.

Umeme

Umeme wa TANESCO ni wa volti 230 na masafa ya hezi 50. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, za volti 120 na hezi 60, hazifai kuunganishwa moja kwa moja. Jambo hili huwahusu hasa wanaonunua vifaa vilivyotumika au kutumiwa na ndugu walioko nje.

Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi nusu saa hutumia uniti 0.75. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyopangwa mwaka 2016 kwa wateja wa kundi la T1, hiyo ni shilingi 219 kabla ya kodi na tozo. Wateja wa kundi la D1, wanaolipa bei nafuu kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa bei ya juu kwa kila uniti inayozidi hapo.

Jambo kubwa zaidi ni ulinzi. Mtumiaji anasimama kwenye maji akiwa ameshika kifaa cha umeme. Nyumba inapaswa kuwa na waya wa ardhi unaofanya kazi (mafundi huuita "ethi") pamoja na swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampea 30, ambayo mafundi huiita RCD. Sakiti breka ya kawaida haitoshi, kwa sababu hukata mkondo mkubwa tu, ilhali mkondo mdogo unaopita mwilini unaweza kuua kabla haijakata. Katika nyumba ya zamani au ya kupanga, ukaguzi wa fundi umeme mwenye leseni ya EWURA huja kabla ya kununua mashine. Nyumba isiyo na ethi si mahali pa kutumia mashine ya umeme ya kuoshea.

Eksitensheni nyembamba hupunguza volti na kupata joto. Kwa umbali wa hadi mita 15 waya wa milimita za mraba 1.5 hufaa, na kwa umbali mkubwa zaidi waya wa 2.5. Eksitensheni ya kuzungushwa hukunjuliwa yote, kwa kuwa ikibaki imejiviringa hupata joto hadi kuyeyuka. Maungio hukaa juu, mbali na maji. Kwa jenereta, uwezo wake unapaswa kuwa mara mbili ya wati za mashine au zaidi, hasa kwa mota ya induksheni.

Kibandiko cha mashine kinapaswa kuonyesha kinga dhidi ya maji ya kiwango cha IPX5. Kanuni za usalama wa mashine hizi zimo katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60335-2-79.

Hewa ya chumvi na vipuri

Kichwa cha pampu hutengenezwa kwa plastiki ngumu, alumini, au aloi ya shaba na zinki. Katika miji ya pwani alumini isiyokingwa hupata unga mweupe na mashimo. Aloi ya shaba hustahimili zaidi lakini ni ghali. Plastiki haili kutu, ila hupasuka ikigongwa au ikiachwa juani. Skrubu za chuma cha kawaida huganda kwa kutu, na hilo hufanya matengenezo kuwa magumu hata pampu ikiwa nzima.

Sehemu zinazoharibika mara nyingi ni ringi za mpira, sili, vali, brashi za kaboni, bunduki na mpira wa presha. Kabla ya kununua inafaa kuuliza kama hivi vinauzwa mjini, au vitaagizwa Dar es Salaam, na kwa muda gani. Maungio ya chapa mbalimbali hayafanani. Hata ya nyuzi za M22, yanayoonekana kuwa sawa, yana aina mbili, ya milimita 14 na ya milimita 15, na yakichanganywa huvuja. Mashine ya chapa ya kawaida ambayo fundi wa jirani ameshawahi kuifungua inaweza kuwa na manufaa kuliko mashine bora isiyo na vipuri.

Nozeli na nyuso zinazooshwa

Nozeli nyingi hutofautishwa kwa rangi: nyekundu hutoa maji kama sindano (nyuzi 0), njano nyuzi 15, kijani nyuzi 25, nyeupe nyuzi 40, na nyeusi ni ya sabuni kwa presha ndogo. Kadiri pembe inavyopanuka ndivyo nguvu inavyopungua.

- Magari, bajaji na pikipiki huoshwa kwa nozeli ya kijani au nyeupe, kutoka umbali wa sentimita 30 au zaidi. Tairi, rejeta, waya za injini na rangi iliyochubuka hazikaribiwi.
- Baiskeli, ambazo ni nyingi sana Tanga, hupoteza grisi iliyo ndani ya beringi zikipigwa maji makali kwenye vitovu na pedali.
- Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa katika nyumba za zamani za pwani humomonyoka. Kuvu juu yake husuguliwa kwa brashi na maji ya kawaida.
- Sakafu za vitofali vya pevingi hupoteza mchanga ulio katikati, na mchanga huo hurudishwa baada ya kuosha.
- Mashua na ngalawa za mbao zinaweza kung'olewa kalafati, na maji yakaingia baadaye baharini.
- Paneli za sola na mapezi ya viyoyozi havioshwi kwa presha.
- Mapaa ya asbesto hayapaswi kuoshwa kwa presha kamwe. Maji makali hung'oa nyuzi zake, na nyuzi hizo zikivutwa na pumzi husababisha magonjwa ya mapafu, yakiwemo saratani. Paa la zamani la vigae vya kijivu vyenye mawimbi huchukuliwa kuwa la asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Usalama

Mkondo wa maji wa mashine ndogo kabisa unaweza kupenya ngozi. Jeraha lake huonekana kama tundu dogo lisilotoa damu nyingi, lakini maji, sabuni na vijidudu huwa vimeingia ndani ya nyama. Jeraha la namna hiyo si la kufunga bandeji na kusubiri. Mgonjwa hupelekwa hospitali mara moja, hata kama haumwi sana, na mhudumu huelezwa kwamba ni jeraha la maji ya presha. Mjini Tanga hospitali kubwa ya serikali ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo.

Bunduki haielekezwi kwa mtu wala mnyama, na hakuna anayeosha miguu yake au kandambili alizovaa kwa mashine. Viatu vilivyofungwa na miwani huvaliwa. Watoto hukaa mbali. Kazi haifanywi juu ya ngazi, kwa kuwa bunduki husukuma nyuma inapofyatuliwa. Mashine za petroli hazitumiki ndani ya gereji au chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi inayoua.

Maji yaliyooshea gari yana oili na sabuni. Kwenye mji wa pwani mitaro ya mvua huishia baharini, hivyo ni bora kuosha mahali ambapo maji yatazama ardhini, mbali na kisima.

Ununuzi

Mnunuzi anaweza kuomba mashine iwashwe dukani ikiwa imeunganishwa na maji, kwani kuizungusha kikavu huharibu sili. Hukaguliwa kama inajizima kifyatuo kinapoachiwa na kama maungio hayavuji. Kibandiko chenye namba ya mashine, volti na wati hulinganishwa na boksi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia. Risiti ya EFD na kadi ya dhamana ndizo ushahidi wa mnunuzi ikiwa kuna malalamiko.

Gharama halisi ni bei ya mashine pamoja na mpira, eksitensheni, swichi ya RCD kama haipo, na vipuri. Jumla hiyo ikigawanywa kwa bei ya kuosha gari mara moja mtaani, hupatikana idadi ya mara ambazo mashine inapaswa kutumika kabla ya kurudisha fedha yake. Kwa nyumba yenye pikipiki moja, idadi hiyo inaweza kuzidi umri wa mashine.

Utunzaji

Baada ya kazi mashine huzimwa, bomba hufungwa, na kifyatuo hubonyezwa mpaka presha yote itoke. Chujio la maji husafishwa. Mpira hukunjwa kwa duara kubwa bila kuvunjika. Mashine hufutwa na kuwekwa kivulini, mahali pakavu penye hewa. Isiyotumika kwa miezi kadhaa hukauka sili, hivyo ni vizuri kuiwasha kwa dakika chache kila mwezi, hata msimu wa masika ambapo mvua huosha gari bila gharama.